Safu ya Monera

Mwalimu wetu wa Baiolojia alichora mistari ya chaki sakafuni, kutoka ukuta wa mlango hadi ukuta wa madirisha, kisha akatupanga. Mbele kabisa, karibu na ubao, aliweka Animalia. Nyuma yao Plantae, kisha Fungi, kisha Protoktista. Mwisho, chini ya bati lililotoboka, pale ambapo ukungu wa asubuhi uliingia ukakaa darasani kama mwanafunzi aliyechelewa, aliweka Monera.

"Huu ndio uainishaji," alisema, akipangusa mikono kwenye koti lake jeupe la maabara. "Mada ya kwanza ya marudio. Sitaki kusikia mtu hajui falme tano za viumbe hai, maana kila mmoja wenu sasa anaukalia wa kwake."

Tulicheka. Alikuwa mwalimu kijana, mcheshi, na alifundisha vizuri kuliko wote waliowahi kusimama mbele yetu. Alikuwa akichora seli ubaoni kwa chaki za rangi, ukuta wake wa kijani, kiini chake chekundu, mpaka unaona inapumua. Halafu alisoma majina kutoka kwenye matokeo ya mtihani wa majaribio, na kadiri alivyoshuka ndivyo kicheko kilivyopungua. Mimi niliangukia Plantae, kiti cha dirishani. Mwenzangu, msichana wa Malindi ya huku huku milimani, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza, alibaki amesimama na begi mkononi hadi jina la mwisho, akaenda chini ya bati.

Tulikuwa kambini. Kambi, kwa shule yetu ya kata juu ya barabara ya Lukozi, ilikuwa hivi: mtihani wa taifa ukikaribia, kidato cha nne hakirudi nyumbani. Mnalaza magodoro kwenye madarasa ya wadogo zenu, wazazi wanachanga mahindi, maharage, viazi na kuni, na ninyi mnarudia kila mlichofundishwa mpaka vichwa viwake. Baridi ya kule hutafuna masikio. Chini yetu mashamba ya kabichi na karoti yalishuka ngazi kwa ngazi hadi bondeni, na kila alfajiri ukungu ulipanda kutoka huko ukitafuta milango iliyo wazi.

Kitu kimoja hakikuchangwa: mpishi. Mwalimu alilimaliza hilo siku ileile ya kwanza.

"Monera ni viumbe gani?"

"Bakteria!" tulijibu kwa pamoja.

"Wanakosa nini ambacho wengine wanacho?"

"Hawana kiini, Mwalimu!" alidakia mvulana mmoja wa Animalia, na darasa likaangua kicheko, maana alikuwa amejigonga kichwani kwa kidole alipokuwa akisema.

"Na kazi yao katika mazingira?"

"Kuozesha mabaki!"

"Basi jikoni kuna mabaki ya kutosha. Monera watasikiliza kipindi cha kwanza, kisha wataenda kuwasha moto. Anayetaka kutoka huko, apande."

Mwenzangu alinyoosha mkono kule nyuma. "Mwalimu, kwenye kitabu wameandika Monera ndio waliotangulia duniani kuliko wote."

"Ni kweli kabisa," alisema Mwalimu, akamtabasamulia. "Basi tangulieni jikoni."

Hata mwenzangu mwenyewe alicheka. Nakumbuka meno yake, na jinsi alivyoyafunika upesi.

Hakuwa mjinga, na sisemi hivyo kwa kumtetea. Ukimuuliza jambo kwa Kiswahili alikueleza mpaka ukaliona. Ukimuuliza kwa Kishambaa alikueleza mpaka ukacheka. Mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Kiingereza kilimfia mkononi. Angeanza sentensi vizuri, kisha katikati neno moja likakosekana, na sentensi nzima ikalala chini kama mbuzi aliyekataa kupanda mlima.

Ndiyo ikawa kawaida yetu. Sisi tulirudia umeng'enyaji wa chakula; wao walikipika. Saa za mchana harufu ya maharage yanayochemka ilipita madirishani, na Mwalimu alisimama akanusa kwa madaha. "Mnasikia? Hiyo ni difyusheni. Chembechembe zinatoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache. Mwambieni bakteria asante." Na tuliwaambia. Tukienda na mabakuli, wavulana walipiga vijiko wakiimba, "Bakteria, bakteria, tuozesheeni!" Wale wa Fungi walikuwa wabaya kuliko wa mbele. Walikuwa wameambiwa kwamba hawana klorofili, kwamba wanaishi kwa jasho la wenzao, na uchungu wote huo waliushusha kwa waliokuwa chini yao. Protoktista nao, walioitwa amiba kwa sababu hawakujulikana ni mnyama au mmea, walikaa kimya wakiomba wasitazamwe.

Katikati ya wiki alikuja baba wa mwenzangu.

Nilikuwa nimetumwa jikoni kufuata chai ya walimu. Jikoni kwetu palikuwa banda la mabanzi lenye mafiga makubwa na dirisha dogo lisilo na ubao, lililotazamana na ukuta wa darasa letu. Bodaboda ilisimama nje, akashuka mzee mfupi mwenye kofia na koti zito, nyuma yake gunia la viazi limefungwa kwa mpira. Aliingia kichwa kwanza ndani ya moshi, akasimama. Binti yake alikuwa amepanda juu ya tofali, ameshika mwiko kwa mikono miwili, akisonga ugali wa kambi nzima, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alimtazama kwa muda. "Unafanya nini huku?"

"Napika."

"Hilo naliona. Wenzako wako wapi?"

"Darasani."

"Na wewe?"

Aliugeuza ugali. Akajibu mvulana mmoja aliyekuwa akipuliza moto, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzoea. "Sisi ni bakteria, mzee."

Baba yake hakucheka. Alitoka nje, na Mwalimu, ambaye alikuwa ameisikia pikipiki, alikuwa tayari anakuja akinyoosha mikono yote miwili.

"Karibu sana, mzee wangu. Shikamoo. Tunashukuru kwa viazi."

"Marahaba. Viazi nimevileta asome, Mwalimu. Kupika anapika hata kwa mama yake."

"Ni utaratibu wa kitaaluma, mzee. Tunawapanga kwa uwezo ili wachangamke. Akipanda, anatoka jikoni."

"Anapandaje?"

"Jumamosi kuna mashindano. Asili ndivyo ilivyo, mzee. Wewe ni mkulima, unajua. Miche ikisongamana, unafanya nini?"

Mzee alifikiri. Namwona mpaka leo, ameshika kamba ya gunia, akijibu kwa uaminifu swali aliloulizwa. "Unang'oa iliyodhoofika."

"Umeona?" alisema Mwalimu.

Mzee alirudi mlangoni. Alizungumza Kishambaa, taratibu, bila kupandisha sauti, na kila mtu jikoni aliacha alichokuwa akifanya. Jumamosi atarudi, alisema. Akimkuta jikoni, afunge godoro. Shangazi yake wa Korogwe anatafuta mtu wa kukaa na watoto, na huko kupika kwake kutakuwa na faida kwa ukoo, si kwa watoto wa watu.

"Na mtihani, baba?"

"Mpishi anafanya mtihani wa nini?"

Pikipiki iliondoka. Mwenzangu alirudi juu ya tofali lake, akaushika mwiko, akausonga ugali kwa nguvu mpaka sufuria ikasogea kwenye mafiga.

Kuanzia mchana ule nilimfundisha. Kila tulipopewa mapumziko nilizunguka nyuma ya darasa, nikasimama kwenye matope chini ya dirisha la jikoni, nikamsomea kupitia moshi. Macho yalinitoka machozi, sauti ikakwaruza. Yeye alikuwa ndani, akimenya, akichambua, akirudia baada yangu. Niliacha kumlazimisha kuelewa kwa Kiingereza. Nilimpa jambo kwa Kiswahili kwanza, likishakaa namvisha Kiingereza juu yake kama koti.

Osmosisi tuliipata kwenye kiazi cha baba yake. Alikikata, akakichimba shimo, akatia chumvi, na wakati tunazungumza juu ya mambo mengine shimo lilijaa maji. "Kimelia," alisema. Nikamwambia aandike kwamba maji yametoka kwenye mchanganyiko hafifu kwenda kwenye mzito kupitia utando unaochagua. "Hata hivyo kimelia," alisema, akakitupa sufuriani pamoja na vingine. Usanisinuru tuliusoma kwenye jani la kabichi: la nje kijani, la ndani jeupe, kwa kuwa jua halikulifikia. Sifa saba za viumbe hai alizikariri kwa kufuata vidole vya mkono mmoja na masikio mawili, na alipofika kwenye sikio la mwisho, "kuzaliana," wavulana wa jikoni walipiga miluzi naye akawarushia maganda.

Nilimpenda sana siku zile. Kuna furaha fulani ya kumfundisha mtu anayekuhitaji, tamu na yenye kulevya. Unarudi darasani umejaa, unajiona una mikono mirefu. Nilikuwa naota kwamba Jumamosi atamwondoa mmoja wa Protoktista, kisha wiki ijayo mmoja wa Fungi, kisha atakuja kukaa karibu nami.

Mada moja tu niliiruka. Ilihusu kangaga, ile mimea ya kando ya vijito ambayo jani lake changa hujikunja ncha kama mkia wa kinyonga. Kule kwetu imejaa kila korongo. Tumeikanyaga tangu utoto tukienda kuchota maji. Kitabu kilisema ina maisha mawili, moja la mmea mkubwa tunaouona na jingine la kijimea kidogo tusichokiona, na hapo mishale ya mchoro ilizunguka hadi kichwa changu kikazunguka nayo. Kila tulipoufikia ukurasa ule niliufunua haraka.

"Na hii?" aliuliza.

"Haitoki. Ilitoka mwaka jana."

"Kwani ikitoka mwaka jana, mwaka huu haitoki?"

"Hawarudii. Kila mtu anajua hawarudii. Ruka."

Ndivyo tulivyosoma wote, si mimi peke yangu. Tulikusanya mitihani ya zamani, tukapiga ramli, tukabashiri kipi kitatoka na kipi kimekwisha kutoka, na nusu ya uhai wa dunia tuliiacha bila kuisoma kwa sababu mtihani ulikuwa umeshaiuliza. Alinitazama kupitia moshi, hakubisha. Siku iliyofuata tulipofika pale nikaruka tena. Naye alitazama tena.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi, nyembamba, ya kuudhi, ile inayonyesha bila kudondoka. Mwalimu alisukuma meza yake ukutani ili pawe na uwanja. Alikuwa ameshika fimbo ya mti wa mwati iliyomenywa ganda, ingawa siku hiyo hakumpiga mtu. Alitukumbusha kanuni zake. Aliye chini humwita yeyote aliye juu yake, wa ufalme wowote. Anamuuliza swali moja la marudio. Aliyeitwa akijibu, anabaki. Akishindwa, na muulizaji mwenyewe akalijibu sawasawa, wanabadilishana viti, na yote yaendayo na viti hivyo.

"Na huruma?" aliuliza.

"Asili haina huruma, Mwalimu!"

Walianza. Mvulana wa jikoni, yule mpuliza moto, alimwita msichana wa Protoktista akamuuliza tofauti ya mshipa wa ateri na wa vena. Msichana alijibu mpaka mwisho huku akilia, kwa kuwa alishindwa kuamini kwamba anajibu, na mvulana akarudi chini ya bati akipigiwa makofi ya dhihaka. "Kawashe moto, bakteria!" Mwingine wa Fungi alimwita wa Plantae, wakashindwa wote wawili, na Mwalimu akasema huo ndio uwiano katika mazingira. Darasa lilikuwa na joto la miili. Wote tulikuwa tumesogea mbele kwenye viti, midomo wazi, tukitaka kuona nani anaanguka. Mimi pia nilikuwa nataka. Kilichonitofautisha na wengine ni kwamba nilikuwa na mtu ninayemwombea.

"Mwingine wa Monera?"

Mwenzangu alisimama. Mikono yake ilikuwa na nyufa za majivu. Alipita katikati ya Protoktista, nikaona wanavyojikunja kila mmoja kama amiba kweli, wakisali asiitwe yeye. Akapita. Akapita katikati ya Fungi. Minong'ono ikaanza. Alisimama kwenye mstari wa chaki wa Plantae na kuninyooshea kidole.

"Huyu."

"Ooooh!" Darasa zima. Wavulana wa Animalia waligeuza viti vyao tuwe mbele yao kama luninga.

"Una hakika?" aliuliza Mwalimu. Kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyepewa zawadi. "Nasikia huyu ndiye anayekufundisha dirishani."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Haya. Uliza."

Aliuliza kwa Kiingereza, Kiingereza cha kukariri, kisichotetemeka hata neno moja. Alisema: mbegu-vumbi ya kangaga huangukia kwenye udongo wenye unyevu, inaota kijimea kidogo chenye umbo la moyo. Juu ya kijimea hicho ndipo yai hurutubishwa, na humo humea mche wa kangaga, ambao hukilalia na kulishwa nacho. Je, mche huo ukishatoa mizizi yake wenyewe, kijimea kinakuwaje?

Nilifahamu swali. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba nilifahamu kila neno. Sikuwa na jibu tu. Nilijaribu kuuona ule ukurasa nikaona mkono wangu ukiufunua. Mvua ilikuwa inagonga bati polepole. Nilimtazama usoni ili anisaidie, kwa mazoea tu, kama tulivyotazamana miaka yote ya mitihani, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri maji yachemke.

"Kinaendelea kukua," nilisema. "Kando yake. Vinakua pamoja."

Mwalimu alimgeukia. "Jibu?"

"Kinanyauka," alisema. "Mche hauna tena haja nacho. Kinakufa."

"Sahihi!" Mwalimu aligonga fimbo mezani. "Hameni!"

Kelele zilizopanda pale sijawahi kuzisikia tena isipokuwa uwanja wa mpira. Walipiga madawati, walipiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Mwalimu kaliwa na mwanafunzi wake!" Nilikusanya vitu vyangu. Nilipomwachia njia aingie kwenye kiti changu tulikaribiana sana, nikasikia moshi kwenye nywele zake.

"Kwa nini mimi?" nilimnong'oneza. "Kuna Protoktista wamejaa pale."

"Wale sijui wasichokijua," alisema kwa upole. "Wewe nakijua."

Kisha akakaa, akavuta kiti, akakiweka sawa na dirisha.

Baadaye niliambiwa alikoupata ukurasa. Mvulana mmoja wa Animalia alikuwa akimwazima kitabu wakati wa chakula, na yeye akimjazia bakuli kwa maharage ya chini, yaliyo mazito. Alikuwa ameukariri akisonga ugali, mwiko mkononi, wakati mimi niko nje kwenye matope nikimsomea mengine.

Nilitumwa jikoni saa hiyohiyo, kwa kuwa siku ile ilikuwa ya makande na mahindi yanataka moto mapema. Wale wa jikoni walinipokea bila maneno mengi. "Karibu, Plantae," alisema yule mpuliza moto, akanipa mwiko. "Hapa jua halifiki, lakini utazoea." Walicheka, nami nikajaribu kucheka. Moshi wa ndani si kama wa dirishani. Wa dirishani unakufuata. Wa ndani unakuwa hewa yako. Kupitia lile tundu niliona ukuta wa darasa, na sauti ya Mwalimu ilinifikia vipandevipande: jenetiki, ile mada niliyokuwa nikiisubiri tangu kambi ianze. Sikusikia hata sentensi moja kamili. Mtihani ulikuwa hauko mbali, na Jumamosi ijayo ilikuwa mbali sana.

Pikipiki ilikuja mvua ikiwa inaisha. Nilimjua kwa kofia kabla hajainama mlangoni. Aliingia, akangoja macho yake yauzoee moshi, akatutazama mmoja mmoja.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Kila mtu alinyamaza, wakiniachia mimi. Nadhani alielewa ule ukimya vibaya, kwa sababu alianza kutikisa kichwa na kutazama kona tulizopanga kuni, kana kwamba amefichwa huko. "Ameenda kuchota maji?" aliuliza. "Basi mwiteni. Mwambieni afunge godoro."

Ningeweza kunyamaza tu. Sikuhitaji kudanganya, alikuwa amejidanganya mwenyewe, alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kumsubiri kwenye pikipiki. Angemwita hadharani, angemtoa darasani kwa hasira ya mtu aliyekwisha kuamua, na wazee wa kule wakishaamua barabarani hawarudishi uamuzi nyumbani. Neno lilikuwa mdomoni mwangu kama kiazi cha moto.

"Yuko darasani, baba. Amepanda."

Alisimama. "Darasani?"

"Safu ya pili. Dirishani. Ukizunguka nyuma utamwona."

Alizunguka. Kupitia tundu la jikoni nilimwona amesimama kwenye matope yale yale, pale pale nilipokuwa nasimama mimi, amevua kofia, akichungulia darasani. Alikaa hapo muda mrefu. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, mkunjufu, mwenye maneno. Alishusha gunia jingine la viazi, akatusalimia upya kama ndio kwanza anafika, akamwuliza mpuliza moto ni wa ukoo gani. Mwalimu alipotoka alimshika mkono akautikisa kwa muda mrefu, na Mwalimu akasema, "Nilikwambia, mzee. Wakichangamshwa wanapanda." Akamwalika abaki ale.

Walimwekea kiti mlangoni mwa jikoni, kwenye kijua kilichokuwa kimeanza kutoka, na mimi ndiye niliyempakulia. Alikula kwa hamu. Makande yalikuwa ya moto, nazi hatuna kule, lakini tulikuwa tumetia karoti na kitunguu kingi. Kengele ilipigwa, darasa likamwagika, foleni ikajipanga kwa falme kama kawaida. Animalia wakapita. Plantae wakaja.

Mwenzangu alimwamkia baba yake kwa kupiga goti kidogo. Kisha akalinyoosha bakuli lake kwangu. Nilimpakulia. Mkono wake ulikuwa umeoshwa; majivu yalikuwa yametoka.

"Baba," alisema, na sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza siku ile, "huyu ndiye aliyenifundisha."

Mzee aliacha kutafuna. Alinitazama tangu kichwani mpaka kwenye miguu yangu yenye majivu, kisha akamtazama binti yake, msafi, na kalamu mfukoni.

"Basi amefundisha vizuri," alisema, akanisogezea bakuli nimwongeze.